Wimbo Haungoji Picha

Nilianza kuhariri kwenye video za nyimbo, kisha nikaingia kwenye filamu, na mpaka leo nazifanya zote mbili kwa zamu. Watu wa nje huona ni kazi moja. Kiti ni kile kile, kompyuta ile ile, programu ile ile, hata macho yanayowasha usiku ni yale yale. Lakini ukikaa nami siku ya kwanza ya video ya wimbo, halafu ukaja tena siku ya kwanza ya filamu, utaiona tofauti kabla sijakata chochote. Kwenye video, taimlaini yangu, yaani ule mstari wa muda ninaopangia picha na sauti, inakuja na mwisho wake. Wimbo una dakika 3 na sekunde 40, basi, umekwisha kurekodiwa na wenyewe wameupenda hivyo. Kwenye filamu taimlaini ni tupu, na ni mimi na mwongozaji tutakaoamua kama mtu atasimama mlangoni kimya kwa sekunde 2 au kwa sekunde 9.

Karibu kila nilichojifunza kuhusu muziki na picha kimetoka hapo. Kwenye kila kazi najiuliza swali moja: muda wa hapa ni wa nani? Ukiwa wa wimbo, picha inatii. Ukiwa wa hadithi, wimbo unakaa nje mpaka uitwe. Ugomvi mwingi nilioushuhudia studio ulikuwa ni wa watu wawili ambao kila mmoja aliamini muda ni wake, na hakuna aliyelisema waziwazi.

Tuanze na video, kwa kuwa huko ndiko mkono wangu ulikozoea.

Mtu akiniletea wimbo, kwanza nahesabu mapigo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, ukiuweka kwenye picha ya fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo), kila pigo linachukua fremu 15 kamili. Raha tupu. Wimbo wa mapigo 120 kwenye fremu hizo hizo unakupa fremu 12 na nusu, na nusu fremu haipo, kwa hiyo mkato mmoja utakuja baada ya fremu 12 na unaofuata baada ya 13. Ukiwa umepiga kwa fremu 24, pigo la 120 linakaa kwenye fremu 12 bila kubakiza kitu. Vijana wananicheka nikikokotoa haya kwenye karatasi, maana siku hizi programu inaweka alama kwenye kila pigo yenyewe. Sawa, iweke. Ila anayejua hesabu yake ndiye anayejua wapi pa kuiasi.

Na lazima uiasi. Mhariri mchanga hukata kila pigo: pigo, picha, pigo, picha. Sekunde 10 za mwanzo zinasisimua. Baada ya hapo jicho limeshabashiri, na jicho likishabashiri linaacha kutazama. Mimi nilikuja kuzoea kukata kwenye pumzi. Kabla ya kila mstari mwimbaji huvuta hewa: mabega yanapanda kidogo, midomo inaachana, kidevu kinainuka. Sikio halipati kitu hapo, mara nyingi fundi wa sauti keshaifuta pumzi kwenye rekodi, lakini jicho linaiona. Ukimwingiza mwimbaji hapo, fremu 8 au 10 kabla ya neno, neno likifika linakuwa la kwake. Ukimwingiza juu ya neno lenyewe, anaonekana amebandikwa.

Shida ni kwamba pumzi hiyo haipatikani kama mwimbaji hakuimba. Kwenye seti wimbo unapigwa kwenye spika na yeye anaufuatisha. Wengi wanachezesha midomo tu, wanaona haya kuimba kavu mbele ya watu wa taa na wabeba nyaya. Kwenye kioo kidogo cha kamera inaonekana safi. Kwenye skrini kubwa shingo inawaumbua: misuli haikazi, koo halipandi, na ile noti ya juu kabisa inamtoka mtu aliyetulia tuli. Mpiga picha mmoja niliyefanya naye kazi sana alikuwa na dawa yake. Alikuwa anaongeza sauti ya spika mpaka mwimbaji asijisikie mwenyewe. Haya inakwisha hapo hapo. Mtu anaimba kwa nguvu zote, akitoka nje ya sauti nani atajua? Kinachokwenda kwa watazamaji ni rekodi ya studio.

Siku ya vichekesho ni siku ya slomo, picha ya mwendo wa polepole. Ukitaka nywele na kitambaa vielee hewani huku midomo ikienda sawasawa na wimbo, unapiga kwa fremu 50 badala ya 25, na wimbo unaupigisha kwa kasi mara mbili. Mwimbaji anatakiwa aimbe mbio mbio, na kwenye spika sauti yake mwenyewe inatoka ya kitoto. Namkumbuka dada mmoja mwenye wimbo wa majonzi makubwa, amevaa gauni refu jeupe, anakimbizana na maneno yake huku seti nzima inajibana mbavu. Mara ya kwanza alishindwa kwa kucheka. Mwongozaji akamwambia, "Dada, uso uache uwe mzito, mdomo ndio uwe mwepesi." Akaenda pembeni, akakariri wimbo wake kwa kasi ile, akarudi. Nilipoirudisha picha kwenye mwendo wa kawaida, yule aliyekuwa anahangaika alikuwa ametulia kupita kiasi, gauni linapanda na kushuka polepole, midomo imelala juu ya kila neno. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kwenye video ya "The Scientist" ya mwaka 2002, mwimbaji wa Coldplay, Chris Martin, alijifunza kuimba wimbo wote kinyumenyume, ili picha ikigeuzwa matukio yarudi nyuma na midomo ibaki ikiimba mbele. Kwenye kazi hizi binadamu anajikunja ili wimbo ubaki ulivyo.

Wengi wanadhani haya yote yalizaliwa tarehe 1 Agosti 1981, MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ilipoanza kurusha matangazo Marekani. Ndoa ni ya zamani kuliko hivyo. Mwaka 1894 wachapishaji wawili wa muziki wa New York, Edward Marks na Joseph Stern, waliupeleka wimbo wao kwenye kumbi za maonyesho ukiwa na picha za slaidi zinazobadilika ubeti kwa ubeti, na lengo lilikuwa kuuza karatasi za noti za muziki. Biashara ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Anayelalamika leo kwamba kichupa, yaani video ya wimbo, ni tangazo tu amechelewa sana. Sauti ilipoingia kwenye filamu, wimbo ndio uliotangulia kuvuka mlango. The Jazz Singer ya 1927 wanaitaja kama mwanzo wa filamu za kuongea, lakini ukiitazama, sehemu kubwa bado ni bubu na maneno yanaandikwa kwenye skrini. Sauti inafunguka mwigizaji mkuu, Al Jolson, anapoimba, pamoja na maneno machache anayoyatupia kati ya nyimbo. India nako, filamu yao ya kwanza ya sauti, Alam Ara ya 1931, ilikuja na nyimbo 7 ndani yake. Miaka michache baadaye wakaanza kumrekodi mwimbaji pembeni na kumwachia mwigizaji kazi ya midomo. Halafu zikaja mashine: Panoram huko Marekani miaka ya 1940, Scopitone ya Ufaransa kuanzia 1960, unatumbukiza sarafu, unatazama wimbo. Sizikariri tarehe hizi kwa kujionyesha. Zinanisaidia mtu anaponiambia simu imeharibu kila kitu.

Sasa filamu.

Huku adui yangu wa kwanza ni muziki wa kushikizia. Mwongozaji anakuja na nyimbo anazozipenda, tunaziweka chini ya picha ili tuone mwendo, na wote tunakubaliana kwamba ni za muda tu. Filamu iliyohaririwa hivyo inavaa nguo ya kuazima: inapendeza, inakaa mwilini, mpaka mwenyewe anapoitaka. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha 2001: A Space Odyssey ya 1968. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, alimwajiri Alex North atunge muziki, North akautunga, lakini Kubrick alikuwa ameshazizoea zile kazi za zamani alizokuwa ameshikizia, ikiwemo waltzi ya Johann Strauss, akabaki nazo. North aligundua kwamba muziki wake haumo siku alipoiona filamu imekamilika. Kila nikimweleza mtunzi kisa hiki anafunga macho.

Kwetu ilikuwa kinyume, na ilikuwa filamu ndogo. Kulikuwa na tukio la kijana anayeondoka nyumbani alfajiri, mama yake amesimama jikoni. Mwongozaji alishikizia wimbo unaojulikana, wenye sauti ambayo ukiisikia tu unajua kuna mtu anakwenda asirudi. Wimbo ulianza kijana alipoinua begi. Kila aliyepita chumbani kwangu alitoa kitambaa. Ulipofika wakati wa kuomba ruhusa, tukakutana na jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike: milango ni miwili. Kuna mwenye utunzi, yaani maneno na mlio, na kuna mwenye rekodi, yaani ile sauti yenyewe iliyoimbwa siku ile studio. Kupata mmoja hakukupi wa pili. Mwenye utunzi alikubali. Mwenye rekodi alikataa, bila sababu, na haki ni yake. Prodyuza akasema tutafute mtu auimbe upya, kwa kuwa utunzi tunao. Tukajaribu. Haikuwa hivyo tena. Tulichokuwa tumekipenda kilikuwa koo la yule mtu.

Nikautoa wimbo, na tukio likaanguka. Picha tulizoziona zimejaa maana zilikuwa za mwanamke aliyesimama jikoni, basi. Kimya kati ya mama na mwanawe, ambacho sote tulikisifia, kilikuwa kimepimwa na mstari wa wimbo: picha ilikaa kwa urefu wa mstari, ikabadilika mstari ulipoisha. Bila wimbo, wale watu wawili walikuwa wanangojana bila sababu.

Tukamwita mtunzi, mama aliyetuzidi wote umri. Kila anayeingia anamwamkia shikamoo, naye anaitikia huku macho yako kwenye skrini. Akasema hataki kusikia tulichokuwa tumeweka. "Nipeni picha kavu." Akaitazama mara moja, akaomba tena. Halafu akasema, "Wanangu, huyu mama anajitosha. Mimi nitaingia mlango ukishafungwa."

Mwongozaji alinitazama. Nikairudia kazi upya, kavu, nikiwasikiliza watu badala ya wimbo. Zipu ya begi ikarudi, tulikuwa tumeifunika. Viatu kwenye sakafu. Mama anauliza kitu kuhusu funguo, kijana anajibu kwa kichwa. Mlango unajifunga, na mama anachukua kikombe ambacho tayari ni safi, anakiosha. Mikono ikiwa kwenye maji, zeze moja linaanza, chini kabisa, mpaka huna hakika kama limeanza. Tukio zima lilirefuka. Muziki ukapungua zaidi ya nusu.

Tangu hapo ninapoangalia filamu za watu sisikilizi sana muziki ni upi. Nasikiliza unaanzia wapi. Wimbo ukianza begi linapoinuliwa, umemwambia mtazamaji ahuzunike kabla hajaona cha kumhuzunisha. Ukianza baada ya mlango kufungwa, umemkuta tayari ameumia na umekaa pembeni yake. Ala zinaweza kuwa zile zile na noti zile zile.

Jambo la pili kwenye filamu ni kujua ni nani anausikia wimbo. Redio iliyo mezani ndani ya hadithi, mhusika anaisikia. Muziki uliomwagwa juu ya picha tunausikia sisi tu. Mpaka huo unavukika, na kuuvuka ni moja ya starehe zangu kubwa kwenye kazi hii. Tulikuwa na mhusika anapiga pasi huku redio ndogo inaimba. Wimbo huo nikaukata besi zote, chini ya hertz 300 hivi hakuna kitu, na juu nikaondoa ule mng'aro, nikaacha kipande cha katikati kinachokwaruza, nikauongezea mwangwi mdogo wa chumba. Ukisikia unajua: redio ya plastiki, juu ya meza, karibu na ukuta. Dada anazima pasi, anachukua mkoba, anatoka. Anapovuka kizingiti naanza kuufungua wimbo polepole, besi inarudi, sauti inatanuka kushoto na kulia, na anapofika barabarani wimbo umejaa ukumbi mzima. Redio imebaki ndani. Wimbo umetoka naye. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuniambia ameliona hilo, lakini kwenye onyesho la majaribio watu walikuwa wanainuka kidogo kwenye viti vyao pale pale kizingitini.

Casablanca ya 1942 inafanya hivyo kwa filamu nzima. "As Time Goes By" haukuandikwa kwa ajili yake. Herman Hupfeld aliuandika mwaka 1931. Ndani ya hadithi ni wimbo ambao mpiga piano anaujua na amekatazwa kuupiga. Ukishapigwa chumbani mara moja, Max Steiner, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, anauchukua mlio wake na kuupenyeza kwenye muziki wa okestra, ambao wahusika hawausikii. Kuanzia hapo wale wapenzi wawili wakitazamana tu, sisi tunakumbuka kwa niaba yao.

Ipo pia filamu inayoamua kwa hiari yake kuupa muziki usukani. Kwa Once Upon a Time in the West ya 1968, mtunzi Ennio Morricone alitunga mapema, na mwongozaji Sergio Leone akaupigisha muziki kwenye seti wakati wa kupiga picha, waigizaji na kamera wakitembea nao. Ukiitazama kwa jicho la mhariri unaona kamera inapanda kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Mwenye nguvu mpishe, na pale mwenye nguvu alikuwa muziki, kwa makubaliano.

Nirudi kwa wanamuziki, maana nina neno nao. Ugonjwa wa video nyingi ni picha kurudia maneno. Wimbo unasema mvua, inanyesha. Unasema barabara, tunaoneshwa barabara. Unasema moyo, mtu anashika kifua. Kaka mmoja alinijia juu kwenye onyesho la kwanza la kazi yake: "Mimi nimeimba machozi, mbona machozi siyaoni?" Nikamwambia, "Kaka, umeshayaimba. Mtu akishayasikia, ukimwonesha tena anajiuliza kama hukumwamini." Hakuridhika. Tukamwekea chozi moja, mwishoni, kwenye ubeti ambao hausemi lolote kuhusu kulia. Alipoliona hapo akanyamaza, kisha akaomba lile lingine alilokuwa analidai lisiwekwe.

Ninapowafundisha vijana huwa nawapa picha moja ndefu: mwanamke anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kitandani. Naweka chini yake wimbo wa safari, wanasema anajiandaa kuhama. Naweka wimbo wa kubembeleza, wanasema ni mjamzito. Naweka wimbo wa msiba, na hapo hakuna anayesema kitu. Picha haijabadilika hata fremu. Somo lenyewe halina jipya, Lev Kuleshov alifanya majaribio ya namna hiyo Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kubadilisha picha inayofuata uso wa mwigizaji. Ila kulisoma ni kitu kimoja, na kuwaona vijana wenye kelele wakinyamaza ghafla ni kitu kingine.

Kazi ninayoiogopa kuliko zote iko katikati: video ya wimbo wa filamu. Filamu inakaribia kutoka, imepata wimbo mzuri, na watu wa matangazo wanataka dakika 4 za mwimbaji zikichanganywa na vipande vya filamu. Inasikika rahisi, picha zote zipo. Lakini picha ya filamu ilipigwa ili ijibu picha nyingine. Mtu anageuka kwa sababu ameitwa. Ukimtoa kwenye hadithi anageuka bure. Mbaya zaidi ni mazungumzo: midomo inasema maneno ambayo hayasikiki, na mtazamaji anaona amenyimwa kitu. Kwa hiyo natafuta watu walionyamaza. Anayetembea, anayetazama dirishani, mkono juu ya meza, mlango unaofunguka. Ukiwa na filamu ya maneno mengi unaweza kupitia saa mbili zote ukatoka na vipande vichache tu. Halafu vipande hivyo hivyo vizuri ndivyo vinavyofichua mwisho wa hadithi, na hapo mwongozaji anakaa nyuma ya kiti changu anahema.

Video ya "I Will Always Love You" ya 1992 huwa nawaonesha watu wa matangazo ili tuelewane. Wimbo ni wa Dolly Parton, wa 1974, na Whitney Houston aliuimba upya kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard. Unaanza bila ala yoyote, sauti tupu. Kwenye video amekaa kwenye kiti, na vipande vya filamu vinapita kati yake bila kujaribu kusimulia kisa. Kile kiti kinafanya kazi kubwa: daima unajua ni nani anakukumbusha.

Kuhusu waongozaji wanaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kuna tusi la wakosoaji linaloniudhi: kwamba filamu fulani "ni kama video ya wimbo". Wanamaanisha inang'aa na haina kitu. David Fincher, Spike Jonze na Michel Gondry wote walipita kwenye video kabla ya filamu, na nikiwatazama naona walichobeba: uwezo wa kukueleza mtu ni nani kabla hajafungua mdomo, kwa sababu kwenye video mdomo una kazi nyingine. Wanaoshindwa, na ni wengi, wanashindwa kwenye kungoja. Nimekaa na waongozaji waliotoka kwenye video ambao wakiona picha imetulia sekunde 6 mkono unakwenda wenyewe kwenye kibodi. Hapo namwambia, bosi, hebu nipe kwanza, usiangalie saa.

Aliyekwenda kinyume ni John Landis. Alikuwa mtu wa filamu, akaongoza Thriller ya Michael Jackson mwaka 1983, karibu dakika 14. Wengi wanakumbuka ngoma ya wafu. Mimi nakumbuka alichoufanyia wimbo. Ukiisikiliza rekodi ya kwenye albamu halafu ukatazama video, utaona wimbo umekatwa na kupangwa upya: beti zinafuatana wakati Michael na mpenzi wake wanatembea barabarani, na kiitikio kinahifadhiwa mpaka baadaye, ngoma ikiwa imeshakolea. Kwa kawaida hakuna anayethubutu kuugusa wimbo unaouzwa. Pale hadithi ilidai muda wake ikapewa, na mwenye wimbo mwenyewe alikuwepo, amekubali, anacheza mbele.

Sasa hivi nina filamu mezani yenye ugomvi huo huo kwa udogo wake. Mhusika ni mzee anayesikiliza wimbo kwenye redio ya gari, wimbo tuliotungiwa maalumu. Kwenye ubeti wa pili simu inaita, anazima redio. Mwongozaji anataka wimbo ukatike katikati ya neno, kama redio zinavyokatika. Mwimbaji, ambaye ndiye mtunzi, anaomba neno lake liishe, ni fremu 11 tu, anasema, nani atajua. Mimi najua, na mkono wa yule mzee unajua: tayari umefika kwenye kitufe, na kwa fremu hizo 11 unakaa pale bila kazi. Lakini ukikata katikati ya neno, kila mtu ukumbini atataka kulisikia lile neno, na atakuwa analitafuta wakati mzee anapewa habari kwenye simu, nami nataka asikie habari. Labda mzee achelewe kidogo kunyoosha mkono. Ipo teki, yaani rudio moja la kupiga tukio hilo, ambayo anasita. Nimetengeneza namna zote tatu. Jumatatu watakuja wote wawili, nitawaonesha bila kuwaambia ipi ni ya nani.